Kibali cha Kumuua Bosi

Inatangazwa kwa umma, kwa furaha na kwa msisitizo, kwamba kuanzia tarehe ya tangazo hili hakuna mtu atakayeuawa katika filamu yoyote fupi bila kibali. Anayetaka kuua ajaze fomu nakala tatu. Anayetaka kuuawa aambatanishe picha mbili za rangi, uso ukiwa wazi, pamoja na barua ya kuridhia. Anayetaka kuchekesha watu katikati ya mauaji aandike pembeni, kwa kalamu nyeusi, watu watacheka mara ngapi na kwa sekunde ngapi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa Kamati ya Vifo vya Kubuni, ghorofa ya pili, mkono wa kushoto ukitoka kwenye ngazi. Aliyeliandika ni Mkaguzi. Aliliandika siku nne, akalifuta, akaliandika upya, na lilipokamilika alisimama kwenye korido akalisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayemsomea mchumba barua. Kabla yake, watu walikuwa wakifa ovyo kwenye filamu. Mtu anaingia dakika ya pili, dakika ya tatu kashachomwa kisu, wala hakuna jalada, wala hakuna muhuri. Sasa mambo yalikuwa yamenyooka. Mwaka mzima ulipita hajafa mtu hata mmoja, kwa sababu waliofanikiwa kumaliza fomu walijiunga na foleni ya kusubiri Mwenyekiti, na foleni hiyo haikuwa ikisogea.

Jumatatu moja asubuhi ikatua mezani kwa Mkaguzi fomu moja safi.

Aliigeuza mbele na nyuma. Nakala tatu. Picha mbili za marehemu, uso wazi. Barua ya kuridhia: "Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikiwa na akili timamu, nakubali kufa kuanzia dakika ya nne hadi mwisho." Vicheko kumi na kimoja, kila kimoja na sekunde zake. Kalamu nyeusi. Mkaguzi alitafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, hakuliona. Aliiweka mezani taratibu, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuwahi kuona fomu iliyojazwa vizuri namna ile. Pili, mwombaji alikuwa mpwa wake.

"Shikamoo Mjomba," alisema binti aliyesimama mbele ya meza, begi la kamera begani.

"Marahaba. Ila hapa hakuna mjomba. Hapa kuna Mkaguzi."

"Sawa, Mjomba Mkaguzi."

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya usingizi. Huyo chuo kizima kilimwita Maiti. Kila darasa likihitaji mtu wa kufa, lilimwita yeye, kwa kuwa aliweza kulala chali dakika kumi bila kupepesa hata jicho, tena bila kuomba chochote zaidi ya kuamshwa wakimaliza.

Mpwa alieleza shida yake kwa kifupi. Ijumaa ile, saa nane mchana, filamu yake ilitakiwa kuonyeshwa ukumbini mbele ya walimu. Bila kibali haionyeshwi. Isipoonyeshwa, anarudia mwaka. Na mwaka mmoja alikwisha kuurudia, filamu yake ya kwanza ikiwa bado kwenye foleni ya ghorofa ya pili.

Mkaguzi alifanya lililo sahihi. Mama wa binti huyu alikuwa dada yake mkubwa, dada aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na ambaye hadi leo, Mkaguzi akiwa na kipara, humpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama amekula. Kwa hiyo alimwandikia barua, akaigonga muhuri:

"YAH: KUSITISHWA KWA MUDA KWA UJOMBA. Dada, husika na kichwa cha habari hapo juu. Ili haki itendeke na ionekane ikitendeka, nakujulisha kwamba kuanzia leo hadi Ijumaa saa kumi jioni mimi si mjomba wa mtoto wako. Muda huo ukiisha, ujomba utarejea wenyewe bila kuhitaji barua nyingine. Nakutakia utekelezaji mwema."

Mpwa aliipeleka nyumbani kwa mkono. Kabla ya saa sita simu ililia.

"Nimeipata barua yako," alisema dada. "Wewe mtoto unaumwa?"

"Dada, ni utaratibu."

"Utaratibu! Mimi nilikuogesha kwenye beseni, leo unanigongea muhuri? Nisikilize vizuri. Mwanangu akirudia mwaka tena, usije ukapiga hodi kwangu. Na mimi nitausitisha udada. Ila wangu mimi ukishaenda, haurudi wenyewe."

Akakata.

Kamati ilikutana alasiri hiyohiyo kuitazama filamu, kwani kwa kanuni fomu isiyo na kosa hata moja haipangi foleni, huenda kikaoni. Chumba cha vikao kilikuwa na meza ndefu, viti sita, feni iliyozunguka upande mmoja kwa raha zake, na ukuta wa mbao nyembamba, wenye mlango, uliokitenga na masijala, chumba cha majalada. Wajumbe walikuwa Mwanasheria, mwanamume mkavu aliyeongea kama anayesoma, Afisa Maadili, mama mnene mwenye mawazo mengi ambayo hayajawahi kufika mwisho, Mkaguzi, aliyekuwa katibu wa kikao, na Mwenyekiti.

Hapa inafaa kueleza jambo moja la kiofisi. Mwenyekiti alikuwa na koti zito la bluu, vifungo vitatu. Kila siku saa mbili asubuhi aliingia, akalitundika mgongoni mwa kiti chake, akaenda kwenye shughuli zake za mjini. Saa tisa alasiri alilirudia. Aliyemuulizia aliambiwa, "Yupo, koti lake si hilo?" Siku za kikao Katibu Muhtasi wake alitangulia na koti, akalivisha kiti cha mbele, na kwa mujibu wa waraka aliousaini Mwenyekiti mwenyewe, koti likishafika kikao kinafunguliwa. Waraka huo ulisifiwa sana, kwani ulimaliza tatizo la kumsubiri.

Jumatatu hiyo, kwa bahati, alikuja yeye na koti pamoja.

Filamu ilikuwa ya dakika kumi na nne, ikaonyeshwa kwenye kompyuta ya mpwa iliyoshikiliwa bawaba kwa gundi ya karatasi. Karani mmoja amechoka na bosi wake. Anamfungia masijala na kuondoka na ufunguo. Silaha ilikuwa ufunguo kwa kuwa bastola ya plastiki ya chuo ilikuwa imeazimwa na darasa jingine. Bosi anakufa kwa kukosa hewa, kwa kuwa damu ya kuigiza inataka kununuliwa, na hewa ya kukosa haina gharama. Koti la bosi linabaki kwenye kiti. Wiki ya kwanza watu wanalisalimia. Wiki ya pili wanaliletea majalada. Wiki ya tatu linachaguliwa mfanyakazi bora, na karani anapiga makofi kuliko wote, machozi yakimtoka.

Mama Chai, mhudumu wa jengo, alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alicheka mara kumi na moja, sehemu zilezile zilizoandikwa kwenye fomu, wala fomu hakuwa ameisoma. Wajumbe hawakucheka. Kila mmoja alikuwa akitazama kwa bidii sana mahali ambapo hapakuwa na kiti cha Mwenyekiti.

"Hoja ya kwanza," alisema Mwanasheria. "Muuaji ni karani wa daraja la nne. Marehemu ni wa daraja la kwanza. Hapa mtu ameruka madaraja matatu kwa mpigo. Hakukuwa na msaidizi wa bosi ambaye angemuua kwa kufuata ngazi?"

"Tulikuwa na waigizaji wawili tu, Mheshimiwa," alisema mpwa.

"Huo ni uhaba wa watumishi. Hautoi ruhusa ya kuvuruga muundo."

Afisa Maadili alimgeukia Maiti. "Mwanangu, ulipokuwa umekufa, ulijisikiaje?"

"Njaa, mama."

"Andika, Mkaguzi: marehemu ana malalamiko. Nami hapo nina wazo kuhusu hali za wafu, kwamba kamati ingeanza kwa—"

"Asante," alisema Mwenyekiti, na wazo likaishia hapo, kama mawazo yote ya Afisa Maadili tangu aajiriwe. Mwenyekiti alisimama. Shingo ilikuwa imevimba juu ya kola. "Wiki tatu! Bosi hayupo wiki tatu, na hakuna anayegundua! Hiyo ni ofisi gani?"

"Ya kubuni, Mheshimiwa."

"Hata kubuni kuna mipaka, binti. Mimi nikitoka hapa dakika tano, jengo hili linayumba. Muulize yeyote."

Mama Chai alikohoa mpaka vikombe vikagongana.

"Kikao kinaahirishwa hadi Alhamisi saa nne," alisema Mwenyekiti. "Alhamisi hiyo kutakuwa na ushahidi mezani, na ushahidi huo utaizika filamu hii na maiti wake."

Maiti aliinua mkono kuuliza kama hilo linahitaji picha nyingine mbili.

Baadaye Mwenyekiti alimwita Mkaguzi ofisini kwake, akafunga mlango, akamkabidhi barua.

"Jaribio la Kutokuwepo," alisema. "Kesho nitatundika koti kama kawaida, halafu nitapotea. Ndani ya saa moja utaona kishindo. Simu zitalia, dereva atatumwa huku na huku, Katibu Muhtasi atazimia. Wewe andika dakika kwa dakika. Hayo ndiyo yatakayosomwa Alhamisi."

"Utapotelea wapi, Mheshimiwa?"

"Masijala. Nani atafikiria kunitafuta kwenye majalada?"

Mkaguzi aliisoma barua. Ilikuwa barua nzuri, yenye namba ya kumbukumbu na vifungu viwili. Kifungu cha kwanza kilisema Mkaguzi hatamwambia mtu yeyote habari za jaribio, wala kumwonyesha mtu yeyote barua hiyo, kabla Mwenyekiti hajatafutwa. Kifungu cha pili kilisema anayekiuka kifungu cha kwanza hana kazi.

Jumanne Mkaguzi alifungua daftari jipya. Saa mbili kamili: koti limetundikwa. Saa mbili na dakika tano: Mwenyekiti ameingia masijala na kiti cha kukunja. Saa tatu: hakuna kishindo. Saa nne: Mama Chai ameingiza chai kwa koti. Saa tano: Mama Chai ameitoa chai, imepoa, ameinywa.

Saa tano na nusu Mkaguzi alijifanya anatafuta jalada.

"Wameanza?" Mwenyekiti alinong'ona katikati ya rafu. Alikuwa amebaki na shati, na vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Bado, Mheshimiwa."

"Wanajikaza hao. Nawajua. Wanaogopa kuonyesha hofu."

Haikuwa hofu. Mchana ule Afisa Maadili aliingia kwa koti na jalada lake, akakaa humo dakika arobaini, akatoka akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Leo amenisikiliza," alimwambia Mkaguzi kwenye korido. "Nimesema mawazo yangu yote, kaka yangu, moja baada ya jingine. Hajanikata hata mara moja. Kumbe ni mtu."

Naye Katibu Muhtasi aligundua namna mpya ya kazi. Alichukua majalada ya watu waliopanga foleni kwenye ngazi tangu mwaka jana, akayaweka mbele ya koti, akasubiri dakika kumi za heshima, kisha akayatoa. "Hajakataa," aliwaambia, na kuwagongea muhuri. Hadi Jumatano mchana vilikuwa vimepita vifo thelathini na kimoja. Wafu wa kubuni waliosubiri miezi na miezi wakapumzika kwa amani. Foleni iliyokuwa ikifika hadi chini kwa mlinzi ikabaki watu wawili, mmoja akiwa amekuja kuuliza choo kiko wapi.

Hata filamu ya mpwa ingepita hapo kama nyingine, isipokuwa yenyewe ilikwisha kupangiwa kikao, na kilichopangiwa kikao hupitia kikao.

Mama Chai alimkuta Mkaguzi dirishani akitazama ngazi tupu.

"Mkaguzi, huyu bosi wenu kapungua."

"Kapungua vipi?"

"Kabaki mabega tu." Alipanga vikombe kwenye sinia bila haraka. "Ila chai yake ni tamu. Mngemwacha hivyohivyo."

Alasiri ya Jumatano Mwenyekiti hakuwa akinong'ona tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, jalada lililofunguka mapajani.

"Nimekuta barua humu," alisema. "Ya miaka sita. Inanitaka nijibu haraka iwezekanavyo." Akaifunga. "Unajua mke wangu jana aliniuliza nini nilipofika nyumbani? Koti liko wapi. Basi. Nimekaa sebuleni hadi chakula, kauliza koti."

Mkaguzi alimwonea huruma, na huruma hiyo haikuwa kwenye kifungu chochote. "Mheshimiwa, ungetoka tu mwenyewe."

"Nitoke? Nikitoka mwenyewe nitakuwa nimetafutwa na nani?" "Kesho kuna kikao. Kikao hakiendi bila Mwenyekiti. Watainua vichwa, wataona hayupo, watapagawa. Hapo ndipo nitatoka, na hapo ndipo filamu ya yule binti itakufa kifo cha kweli."

Mkaguzi alirudi mezani akakaa bila kuandika. Sentensi moja tu ingetosha. Amwambie Katibu Muhtasi, "Hivi bosi umemwona lini?" Jengo zima lingemtafuta Mwenyekiti, Mwenyekiti angepatikana katika fahari yake, filamu ingefungiwa, na mpwa angerudia mwaka kwa mara ya pili mfululizo. Na dada naye. Mkaguzi alizifikiria Jumapili zote zinazokuja, simu ikiwa kimya mezani, hakuna wa kumuuliza kama amekula. Kisha alitoa barua ya Mwenyekiti mfukoni, akakisoma tena kifungu cha kwanza. Asimwambie mtu yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya utumishi wake kwamba sheria na dada yake walikuwa upande mmoja. Aliikunja barua taratibu, akaenda nyumbani.

Alhamisi saa nne kamili Katibu Muhtasi aliingia chumba cha vikao akiwa amelishika koti kwa mikono miwili. Wajumbe walisimama. Alilivisha kiti cha mbele, akanyoosha kola, akatoka. Wajumbe wakakaa. Mpwa na Maiti walikuwa kwenye viti viwili vya ukutani, Maiti amevaa tai kwa heshima ya siku yake.

"Koti limefika," alisema Mwanasheria. "Akidi imetimia. Katibu, andika mahudhurio."

Mkaguzi aliandika majina. Alipofika kwenye mstari wa kwanza, mstari wa Mwenyekiti, kalamu ilisita. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alisikia kiti cha kukunja kikilia. Mpwa alikuwa akimtazama. Hakuwa na macho ya kuomba. Alimtazama tu kwa jinsi mama yake anavyomtazama Mkaguzi, nyusi moja juu kidogo. Mkaguzi aliandika: Amehudhuria.

"Agenda ni moja," aliendelea Mwanasheria. "Filamu ya mauaji ya bosi. Mwenyekiti aliahidi ushahidi. Mheshimiwa, ushahidi?"

Feni ilizunguka.

"Mwenyekiti hana ushahidi," alisema Mwanasheria. "Afisa Maadili?"

"Mimi naunga mkono atakalounga mkono Mwenyekiti," alisema Afisa Maadili, akilitazama koti kwa upendo. "Huyu ni msikivu, jamani. Tumemdhulumu siku zote."

"Mheshimiwa, una pingamizi lolote?" Mwanasheria alisubiri kiasi cha kutosha. "Kwa mara ya pili, pingamizi? Kwa mara ya tatu? Hakuna. Filamu imepita. Mkaguzi, gonga."

Mkaguzi aligonga. Muhuri ulitoa sauti nzuri, nzito, na hapohapo mlango wa masijala ukafunguka kwa kishindo, kishindo kilekile kilichokuwa kikisubiriwa tangu Jumanne.

"Mimi hapa!" alipiga kelele Mwenyekiti.

Alisimama na shati lililochafuka vumbi la majalada, nywele zimesimama, kiti cha kukunja mkononi. Maiti, ambaye hakuwahi kushtuka mbele ya kamera, alishika mkono wa mpwa.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Mwanasheria bila kuinuka. "Ila utaniwia radhi. Muhtasari unaonyesha tayari upo."

"Lile ni koti!"

"Naam. Na waraka wako unasema koti likifika umefika."

"Sikuwepo! Sikuwepo tangu Jumanne! Nilikuwa humu ndani, siku tatu, hakuna aliyenitafuta!"

Mwanasheria aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwenye ubinadamu kwa kadiri kanuni zilivyoruhusu, kwa hiyo aliongea polepole.

"Mheshimiwa, naomba usimalize sentensi hiyo. Kama ulikuwepo, umeongoza kikao, na filamu imepita. Hilo si tatizo. Kama hukuwepo, basi una utoro wa siku tatu mfululizo, na utoro wa siku tatu ni kujiachisha kazi. Waraka huo nao ni wako. Ulimwondoa nao yule dereva aliyefiwa."

Mwenyekiti alimgeukia Mkaguzi, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa yanaomba.

"Mkaguzi! Yeye anajua. Lilikuwa jaribio. Ana barua yangu. Toa barua!"

Mkaguzi alisimama. Aliitoa barua mfukoni, akaifungua kwa namna ambayo hakuna mwingine angeweza kuiona, akaisoma moyoni hadi kwenye sahihi.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna mtu amekutafuta?"

"Nimeshasema hakuna!"

"Basi siruhusiwi kuionyesha."

Akaikunja, akairudisha mfukoni, akakaa. Mikono aliiweka chini ya meza, mahali ambapo mikono ya katibu haiandikwi kwenye muhtasari.

Mwenyekiti alishusha kiti cha kukunja sakafuni. Alimtazama Mwanasheria. Alimtazama Afisa Maadili, ambaye alikuwa analitazama koti kana kwamba linataka kusemewa jambo. Halafu alisogea kichwani mwa meza kwa hatua za mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akaliondoa koti kwenye kiti, akalivaa, akakaa.

"Nilikuwepo," alisema.

"Tangu lini, Mheshimiwa? Ni kwa ajili ya muhtasari."

"Tangu Jumanne."

"Na filamu?"

"Imepita."

Mpwa alimsogezea fomu na kalamu nyeusi. Alisaini nakala zote tatu. Kwenye nafasi iliyoandikwa "Afisa anayeridhia bosi auawe", aliandika jina lake lote, kwa kuwa fomu ilitaka jina lote.

Ijumaa filamu ilionyeshwa. Kibali kilitangulia kwenye pazia, sahihi ikiwa kubwa kama dirisha, na ukumbi uliona sahihi ya kumridhia bosi afe, ukacheka kabla filamu haijaanza, kicheko cha kumi na mbili, ambacho hakikuwa kwenye fomu. Mpwa alifaulu. Maiti alipewa sifa ya pekee kwa utulivu. Mwenyekiti, aliyealikwa mbele kabisa, alikaa kwenye kiti chake kuanzia mwanzo hadi mwisho, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi, koti mwilini.

Tangu siku hiyo hajalivua. Anaingia saa mbili, anakaa, anatoka saa tisa, koti limefungwa vifungo viwili. Hana shughuli za mjini tena. Anasoma kila jalada, anauliza kila swali, anamkata Afisa Maadili kwenye neno la tatu, na kila mwenye kukosa koma anaambiwa aje kesho. Foleni imerudi kwenye ngazi. Jana ilimfikia mlinzi, leo imetoka barabarani.

Watumishi hawalalamiki. Wanamjali kuliko walivyowahi kumjali. Asubuhi Katibu Muhtasi huchungulia mlangoni na kusema, "Mheshimiwa, joto hili jamani, si uvue koti kidogo?" Saa nne Mama Chai huweka kikombe na kumwambia, "Livue, baba, nikutundikie." Afisa Maadili huja na kitambaa cha kumfutia jasho. Mwanasheria alimletea tundiko jipya la mbao, zuri, la kunyooshea mabega. Hata Mkaguzi, Jumatatu hii, akipeleka muhtasari wa kusainiwa, alijikuta anasema kwa upole kabisa, "Vua tu, Mheshimiwa, upumzike. Sisi tupo."

Mwenyekiti aliwatazama usoni mmoja mmoja, wote wakimtabasamia mlangoni. Kisha akafunga kifungo cha tatu.